Kaa Mpaka Upewe Jembe

Zuhura wangu, roho ya mama yako,

Alasiri ya leo, nlipokuwa nakupigia pindo la mwisho la gauni, uliniuliza, "Mama, huu uchumi nnaokwenda kuusomea, si hesabu tu?" Nikakujibu "Mm," kwa sababu nlikuwa nimeuma pini. Ukaridhika, ukaenda zako kumuaga shoga yako. Lile "mm" limenikwama kooni tangu hapo. Halikuwa jibu. Basi nimekaa hapa juu penye taa, na baba yako yuko chini anafunga sanduku lako. Keshalizungusha kamba mara sijui ngapi, utadhani ndani mna simba. Mimi nnakuandikia jibu lenyewe. Lisome melini, au lisome ukishafika Dar es Salaam, lakini usilisome mbele yangu.

Mambo ya chakula, ya mavazi, ya watu wa kutowafungulia mlango, bibi yako keshakwambia, na kesho atakwambia tena bandarini mbele za watu. Huko sina la kuongeza. Nnataka kukupa habari ya kazi, maana kazi hiyo unayokwenda kuisomea, ya kuangalia kama mpango wa serikali umewafaa watu au haukuwafaa, mama yako nliigusa kwa ncha za vidole. Na mwanzo nliigusa vibaya.

Kusoma kwangu unakujua, kulikomea darasa la sita. Nlipoolewa nlikuwa mtoto, na ulipozaliwa nlikuwa bado natamani kuruka kamba. Mpaka leo tukipita Darajani, wasiotujua huuliza nani mkubwa kati yetu. Wewe unanuna, mimi nnacheka. Mapinduzi yalipopita, wewe ukiwa unasoma, nikasikia kuna ofisi inatafuta wanawake wanaojua kuandika, waende majumbani kuuliza maswali. Wanaume wao wakipiga hodi walikuwa wanajibiwa na mwenye nyumba barazani, mambo yakaishia hapo. Wa ndani wanasema nini, hakuna ajuaye. Nikaenda kujiandikisha. Baba yako alicheka mpaka akakohoa.

"Kazi ya kuuliza maswali, na mshahara juu! Mbona mimi unaniuliza bure kila siku?"

Wallahi, mwanangu, nami nlidhani ni hivyo hivyo, kuuliza tu. Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa Ng'ambo. Nikamkuta bibi mmoja anachambua mchicha, nikamsomea kama nlivyofundishwa: "Bibi, je, una matatizo gani?" Akanitazama kuanzia buibui mpaka viatu.

"Matatizo yangu ukishayajua utayafanyaje, mjukuu wangu? Utayabeba?"

Nikaandika kwenye karatasi: Hana matatizo. Nikamshukuru, nikaenda nyumba ya pili, na viatu vyangu vipya vikilia kwi, kwi, kwi kwenye vichochoro kama vinaniimbia.

Hayo yalikuwa mazoezi. Kazi yenyewe ilikuja baadaye. Kulikuwa na mpango wa maduka ya vijijini. Lori linatoka mjini na sukari, mchele, mafuta ya taa na sabuni, linashusha katika duka la kijiji, watu wananunua hapo hapo kwa bei ya serikali. Ofisi ikataka kujua: hivi vitu vinawafikia watu kweli? Maana malori hayakutosha, na pahala patakapoonekana watu wametosheka, safari zingepunguzwa zipelekwe kwingine. Kwa hiyo tutakaloandika sisi ndilo litakaloamua lori liende wapi. Tuliambiwa hivyo kwa maneno mapana kabla hatujapanda gari. Siwezi kusema sikujua.

Mkubwa wetu alikuwa Bwana Suleiman, kijana aliyesoma Ulaya, mwenye miwani, mpole kupita kiasi. Hata nzi akimtua alikuwa akimwomba aondoke. Tukapangiwa kijiji kimoja cha kusini, mbele ya Kizimkazi. Mwenyekiti wa kijiji alipelekewa habari mapema, maana si adabu kuwaingilia watu ghafla. Tulipofika, Bwana Suleiman akakaribishwa barazani na wanaume, mimi nikapitishwa mlango wa uani kwa wanawake.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bi Mize. Huyo Bi Mize ni mwanamke wa makamo, mpana, na ana sauti ambayo akimwita kuku wake, kuku wa kijiji kizima huja. Akanitandikia mkeka mpya, akaniletea chai katika kikombe cheupe kilichochorwa majani ya kijani. Chai ilikuwa tamu, midomo ikinata.

"Sukari mnapata hapa, Bi Mize?"

"Alhamdulillah, mwanangu, twashukuru. Nikuongeze?"

Nyumba ya pili, chai tamu, twashukuru. Ya tatu, chai tamu, twashukuru. Kila nyumba nlikuta kikombe cheupe chenye majani ya kijani. Na mama yako, kwa akili zake zote, alisemaje moyoni? Alisema: Loo, watu wa hapa wamependa kikombe cha namna moja, na duka lao lazima limeleta vingi. Nikaandika Sukari ipo, na pembeni nikaongeza kwa mwandiko mzuri: Hata vyombo vinafika.

Bwana Suleiman alinisifu kwa kule kuongeza. Ripoti ikaandikwa, ikapelekwa.

Cheka, Zuhura. Nakuruhusu. Lakini ukishacheka uendelee kusoma.

Ikapita miezi. Siku moja niko Darajani nachagua ndizi, nikasikia sauti ile ya kuita kuku: "Muulizaji! We muulizaji!" Soko zima likageuka. Alikuwa Bi Mize, amekuja mjini kumtazama bintiye aliyejifungua.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba. Enhe, chai yetu uliipenda?"

"Nliipenda sana."

"Na kikombe je? Kikombe kile kina miguu, bibiye. Kilikuwa kikikimbia kuliko wewe. Ukitoka kwangu mlango wa mbele, chenyewe kinatoka mlango wa nyuma, kinafika kwa jirani kabla hujavua viatu." Akacheka akishika kiuno, nami nikacheka naye, kwa sababu nlikuwa bado sijaelewa. Ndipo akaacha kucheka. "Na sukari ilikuwa ile ile. Tuliichanga, huyu kijiko, huyu nusu kijiko, hata ya mgonjwa tuliitwaa. Mgeni wa serikali anakuja, tumpe maji matupu? Sasa tunaambiwa safari za lori zimepunguzwa, eti huku kwetu tumeshiba. Nani katuandika matajiri, mwanangu? Si wewe?"

Ndizi zilinianguka. Nikamwambia, "Lakini Bi Mize, mbona hamkunambia? Nliwauliza kwa kinywa changu."

"Uliniuliza ukiwa umekaa mkekani kwangu na kikombe mkononi. Mgeni anaambiwa nini? Aambiwe ndani hamna kitu? Kwani wewe umezaliwa wapi, Bombay?"

Hilo ndilo lililonichoma. Nimezaliwa hapa hapa Unguja. Unakumbuka jamaa za baba yako walipokuja kutoka Pemba bila ya habari? Nani alitumwa kwa jirani kuazima sahani za maua, akazipitisha mlango wa nyuma chini ya kanga? Ni wewe, na nlikubana sikio usizigonganishe zikasikika ukumbini. Wakala, wakashiba, wakaondoka wakisema, "Nyumba ya fulani ina neema." Mchezo huo nnaucheza mwenyewe, naujua toka kwa mama yangu, na nlipokwenda kwa watu na karatasi mkononi nikasahau kwamba na wao wana mlango wa nyuma. Mtu wa mbali angekosa kwa kutojua. Mimi nlikosa na huku nnajua. Karatasi ilinifanya nijione kama si mmoja wao.

Nikamwambia Bi Mize, "Nitakwenda ofisini niseme."

Akanishika mkono, akapunguza sauti yake, jambo ambalo kwake ni kama muujiza. "Sema. Lakini usituvue nguo. Usiende ukasema wanawake wa kule wanachangiana vijiko vya sukari. Tutaolewa na nani sisi, na mabinti zetu?"

Basi nikarudi nyumbani na mambo mawili yasiyokaa pamoja. Nikinyamaza, safari za lori hazirudi. Nikisema kama ilivyo, nimewaaibisha waliochangiana ili wanistahi. Nikamweleza baba yako. Hakufanya mzaha siku hiyo. Akasema, "Mwambie mkubwa wako kwamba mlikosea. Na yao ya ndani yaache ndani." Rahisi kusema. Nlikuwa nnaipenda kazi ile, Zuhura. Nliipenda kama ulivyoipenda sare yako ya kwanza ya skuli, ukalala nayo.

Nikaenda kwa Bwana Suleiman. Akafungua karatasi, akaweka kidole.

"Bi Salma, hapa mwenyewe umeandika sukari ipo. Nyumba zote."

"Ipo, bwana. Ni ile moja."

Akacheka kwanza. Halafu akavua miwani akaifuta, muda mrefu, ingawa ilikuwa safi. "Ripoti imeshakwenda," akasema. Nikamwambia najua. Nikamwambia pia siwezi kumweleza nani kanambia wala alinambiaje, ila naomba turudi. Akauliza tukirudi tutauliza maswali gani mapya. Likanitoka tu lile wanalolisema wazee, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikasema, "Tusiulize. Tukae mpaka watupe jembe, bwana. Kabla ya hapo sisi ni wageni, na mgeni haonyeshwi jikoni."

Mwingine angenifukuza. Yeye akasema, "Na mimi pia nitapewa jembe?"

Tukaenda. Yeye akafikia kwa mwenyekiti, mimi kwa Bi Mize. Siku ya kwanza nliletewa chai tamu kama kawaida, na kikombe kile kile. Nikakipokea kwa mikono miwili. Siku ya pili nlipikiwa pweza wa nazi. Siku ya tatu asubuhi Bi Mize akasimama mlangoni na jembe. "Haya, muulizaji. Muhogo uko kule, na hauji wenyewe." Tangu siku ile sikuona sukari wala kikombe. Tulikunywa chai yetu kavu, tukala muhogo, na hakuna aliyenitazama usoni kuona kama nimekunja.

Na maneno yakaanza kuja yenyewe. Mikono ikiwa kazini ulimi hauna ulinzi. Maji yalipokupwa tukashuka pwani na wanawake, kufukua makumbi ya nazi waliyoyazika matopeni ili wayapige, wapate nyuzi za kusokotea kamba. Hiyo ndiyo kazi yao ya fedha. Tuko kwenye matope mpaka magotini, mbali na kijiji, tukasikia honi kwa mbali. Mmoja akasema bila hata kuinua kichwa, "Hilo lori." Mwingine akajibu, "Liacheni lipite." Nikauliza, "Hamwendi kununua?" Wakacheka wote.

"Twende vipi, mwenzetu? Maji yakigeuka yanatungoja?"

Kumbe, Zuhura, lori lilikuwa likifuata saa ya mjini, na wanawake wanafuata maji. Mara nyingi lilifika wao wakiwa pwani na waume zao wakiwa baharini. Waliokuwepo ni wale waliokaa kando ya barabara. Walinunua, na jioni waliuza tena kwa bei yao. Hata zamani lori lilipokuwa likija sawasawa, vitu vilifika dukani lakini havikufika jikoni. Hakuna mwanamke aliyewahi kulalamika, kwa sababu hakuna aliyeliona ni jambo la kulalamikia. Maji ni maji. Swali hilo halikuwemo katika karatasi yoyote, na mimi nisingeweza kulibuni, wala Bwana Suleiman.

Yeye naye walimpandisha juu ya banda la mbuzi kupokea makuti ya kuezekea. Nlimkuta huko, miwani imejaa vumbi, wanaume wanamwambia, "Bwana mkubwa, shika vizuri, mbuzi hawajui cheo." Akanipungia mkono kwa furaha kama mtoto. Na juu ya paa lile walimhadithia jambo hilo hilo kwa upande wao.

Sasa angalia lililotokea, maana hapa ndipo nnapotaka usikie. Tulirudi na neno ambalo halikumvua mtu nguo. Hatukuwa na haja ya kusema sukari ilichangwa. Tulisema safari za lori zirudi kama zamani, na lori lije wakati maji yamejaa. Lakini neno langu peke yake lingebaki porojo ya mwanamke aliyetoka kuchimba muhogo. Bwana Suleiman ndiye aliyekaa nalo, akachukua kalenda ya maji kupwa na kujaa, akachukua siku za safari za lori, akazilaza pamoja, mpaka hata asiyetaka kuona akaona. Mimi nlileta tofali, yeye akajenga. Kwa hiyo usije ukadhani mama yako anazidharau hesabu. Zisome, mwanangu, uzisome mpaka zikuogope.

Wakubwa walimwuliza mbele ya watu: kwa nini mwanzo mliandika vingine? Nlikuwa nimesimama nyuma. Angeweza kugeuka akaninyooshea kidole. Mwandiko ulikuwa wangu. Akasema, "Kwa sababu tulikuwa wageni." Akatia sahihi yake chini ya maneno kwamba ripoti ya mwanzo ilikosea.

Ilichukua muda. Nlishakata tamaa, ndipo kikaletwa kikapu cha muhogo hapa nyumbani, na aliyekileta akasema kaambiwa aseme hivi: "Mwambieni muulizaji, lori limekuja, na maji yamejaa." Unakumbuka siku nlopika muhogo wa nazi nikalia jikoni, nawe ukadhani ni moshi? Ndiyo siku hiyo.

Kazi iliyofuata sikuitwa. Hakuna aliyenigombeza, hakuna aliyenambia neno. Walichaguliwa wengine tu. Wewe ulidhani nliacha ili nishone nguo nikae karibu nawe. Nlikuacha udhani hivyo, na kwa kuwa nlikaa karibu nawe kweli, sijuti sana. Lakini ujue kwamba kazi hii ina siku itakutaka uandike "tulikosea", na huenda siku hiyo usipongezwe. Andika. Sikwambii kwa kuwa mimi shujaa. Nnakwambia kwa kuwa baada ya hapo nlilala usingizi.

Wewe una bahati ambazo mimi sikuwa nazo. Wewe utashika kalamu zote mbili, yangu na ya Bwana Suleiman. Utaweza kuingia uani na utaweza kukaa mezani na wakubwa. Nikifikiri hilo nnataka kupiga vigelegele hapa hapa nimwamshe bibi yako. Watu watakuogopa kidogo kwa elimu yako, watakuletea vizuri vyao, watakwambia twashukuru. Usiwaone waongo. Wanakustahi. Pokea, kunywa, sema ahsante, na usiandike kitu bado.

Nimeandika kurasa nyingi na kumbe jambo lililonikalisha hapa bado sijalisema. Ulipokuwa mdogo nlikufundisha adabu ya kujibu. Ukiulizwa hujambo, sema sijambo. Ukajifunza vizuri mno. Mwaka ule uliougua sikio, kila asubuhi nlikuuliza, "Hujambo, mwanangu?" ukajibu "Sijambo, mama," na usaha ulikuwa unakutoka ukilowesha mto wa kulalia. Bibi yako ndiye aliyeona. Nlikuwa mama mchanga, nlichukua jibu la kwanza nikaenda nalo jikoni, nimefurahi. Mpaka leo ukigeuza kichwa kunisikia kwa upande wa kulia, roho inanikata.

Sasa unakwenda mbali, na nnakujua. Barua yako ya kwanza itasema wewe mzima, chakula kizuri, wenzako wazuri, usiwe na wasiwasi mama. Utaiandika kwa heshima, kwa sababu hutaki kunitia uchungu. Usinifanye mgeni wako, Zuhura. Niambie kama umelala na njaa. Niambie kama wanakucheka lafudhi yako, kama hesabu zimekushinda, kama umekaa chumbani peke yako siku ya Idi. Sina dawa ya yote hayo, lakini ni mama yako.

Nami nitajitahidi vivyo hivyo, ingawa sijui kama nitaweza. Kesho bandarini nimeshajipanga. Nitavaa buibui langu jipya, nitatabasamu, nitakwambia, "Nenda, mwanangu, nenda kwa salama, mimi sina neno." Usinikubalie haraka. Simama kidogo, watu wapite, uniulize mara ya pili.

Mama yako akupendaye,
Salma